Paroko Aliyekalia Mkono Wake

Waraka wa askofu, uliosomwa katika parokia zote Jumapili moja baada ya matangazo ya ndoa, ulitamka kwamba mwaka ule ni Mwaka wa Upyaisho wa Kipadre. Ulieleza, katika kurasa nne zenye mihuri miwili, kwamba upya wa padre hupatikana katika ukimya. Kwamba ukimya huo ni wa siku nane, katika kituo cha mafungo cha jimbo, kwa makundi matatu. Kwamba kila padre atakayekamilisha siku hizo na kurudisha fomu iliyojazwa atahesabika amepyaishwa. Na kwamba zoezi zima litakuwa limekwisha ifikapo mwisho wa mwezi wa tisa. Waamini waliombwa kuwasindikiza mapadre wao kwa sala.

Aliyeusoma alikuwa katekista, mwalimu mstaafu mwenye sauti iliyofaa zaidi kutangazia vifo, maana sauti ya paroko mwenyewe ilikuwa imekauka tangu alfajiri. Paroko alikaa kwenye kiti chake nyuma ya altare, mikono magotini, akisikiliza jinsi atakavyokuwa mpya. Katekista alipofika kwenye "atahesabika amepyaishwa," kinyozi wa pale sokoni, aliyesali kila Jumapili akiwa mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, alimnong'oneza jirani yake:

"Kumbe wanampeleka karakana."

Paroko alisikia. Wala hakukasirika. Aliona mtu huyo ameueleza waraka vizuri kuliko aliyeuandika.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Ishirini na minne kati ya hiyo ilikuwa ya upadre, na tisa ya mwisho aliitumikia parokia hiyo. Watu walimwita Padre Saa, kwa sababu misa yake ya asubuhi ilianza saa kumi na mbili kamili na kumalizika saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano, kiasi kwamba waliowahi basi la kazini walipanga kufunga viatu vyao kwa kufuata komunyo. Walimpa jina hilo kwa kumsifu. Yeye ndiye aliyejua kwamba zile dakika thelathini na tano hazikutokana na nidhamu. Midomo ilikuwa imeikariri njia, ikatangulia yenyewe, naye akaifuata nyuma kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake gizani.

Baada ya misa alikunywa chai akiwa amesimama, kisha akaingia ofisini. Ilikuwa ofisi ya meza moja, mihuri miwili, feni iliyofungwa kwa waya, na benchi la wageni ambalo halikupata kuwa tupu tangu lilipochongwa. Huyu anataka cheti cha ubatizo cha mtoto aliyebatizwa kwingine. Yule amekuja kusema pampu ya kisima cha parokia imekufa tena. Wawili wanataka kufunga ndoa mwezi ujao na bado hawajaelewana kama wanataka. Parokia ilikuwa na kwaya mbili na kipaza sauti kimoja, na vita ya kukigombea ilikuwa imeingia mwaka wa sita. Wenyeviti wa kwaya hizo walikuja kwa zamu, kila mmoja akiapa kwamba yeye mwenyewe hana neno, ila wenzake ndio wameumia. Na kila aliyeingia alianza vilevile: "Dakika moja tu, Padre."

Alikuwa hajagombana na Mungu. Ugomvi ungekuwa na uhai wake. Imani yake ilikuwepo kama sufuria zinavyokuwepo jikoni kwa mtu anayekula mgahawani. Kilichokufa kilikuwa masikio. Watu walisema, aliona midomo ikichezacheza, na kwa wakati unaofaa akajibu neno linalofaa, wakaenda wameridhika. Jioni alifungua kitabu cha sala, na mara nyingi aliamka alama ya ukurasa ikiwa imempiga chapa shavuni.

Ndiyo maana katika droo ya meza, chini ya fomu za ubatizo, kulikuwa na barua. Kurasa mbili, alizozipiga mwenyewe kwa vidole viwili. Katika ukurasa wa kwanza alimwomba askofu amwondoe parokiani. Katika ukurasa wa pili alimwomba amruhusu kuacha kazi ya upadre "kwa muda usiojulikana," maneno aliyoyatafuta kwa wiki mbili kwa sababu yalikuwa na adabu. Barua hiyo ilikuwa imebadilishwa tarehe mara tatu. Waraka ulipotoka aliona Mungu, au angalau ofisi ya jimbo, imempa nafasi: siku ya kufunga mafungo askofu angekuja mwenyewe kupokea fomu, mkono kwa mkono. Angempa fomu kwa mkono mmoja na barua kwa mwingine. Alipangiwa kundi la tatu, la mwisho. Zilibaki wiki mbili.

*

Jumamosi saa tisa mchana alikaa kwenye kiti cha maungamo, kama kila Jumamosi. Kilikuwa kibanda cha mbao kilichonuka nta ya sakafu, kimegawanywa kwa wavu, na upande wa muungamaji kulikuwa na ubao wa kupigia magoti ambao mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Seremala alikuwa ameahidi kuutengeneza tangu Kwaresima; hakusema Kwaresima ya mwaka gani. Waungamaji walikuwa sita, walewale sita wa siku zote, wenye dhambi zilezile zilizokunjwa vizuri.

Yaliyotokea siku hiyo tunayajua kwa njia moja tu. Sheria ya Kanisa ni kwamba padre hasemi lolote la kwenye maungamo, hata awekewe panga shingoni. Sheria hiyo haimfungi aliyeungama. Na wa nne katika wale sita alikuwa Mama Pasi.

Mama Pasi alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mfuaji wa nguo za altare, aliyezinyoosha kule sakristia, chumba cha mavazi ya misa, kwa pasi ya mkaa kwa kuwa ya umeme, alisema, inabembeleza kitambaa badala ya kukikemea. Alimwita kila mtu mwanangu, akiwemo mhasibu wa parokia aliyemzidi umri. Kabla jua halijazama alikuwa amewasimulia wanawake wawili waliopanga maua ya altare, pale bombani.

"Nimepiga magoti, ubao ukayumba, nikajishika ukutani. Nikasema, 'Nibariki, Padre.' Basi! Hata sijameza mate, nasikia 'nami nakuondolea dhambi zako,' mpaka mwisho, mpaka amina, na malipizi Salamu Maria tatu. Nikamwambia, 'Padre mwanangu, bado sijaanza.'"

"We! Akasemaje?"

"Akanyamaza mpaka nikadhani kazimia. Kisha akasema taratibu, 'Samahani, mama. Anza.' Nikamwambia, mtoto wa watu umechoka. Nitarudi siku utakayokuwa umeamka. Nikajiondokea."

"Na dhambi zako?"

"Ninazo. Nimerudi nazo kama mtu aliyepeleka mahindi kusaga akakuta mashine mbovu."

Maneno yakasambaa. Jumapili jioni yalisema kwamba padre huondolea dhambi kabla ya kusikiliza. Jumanne yalisema kwamba amepewa kipaji, anaziona mwenyewe, huna haja ya kumtajia. Alhamisi, kwenye kiti cha kinyozi, ilikuwa imethibitika kwamba huo ni utaratibu mpya wa jimbo, sehemu ya Mwaka wa Upyaisho.

"Wameona foleni ni ndefu," kinyozi alimweleza mteja mwenye povu kidevuni. "Wamefungua dirisha la haraka."

Katekista, aliyependa mambo yathibitishwe, alimfuata paroko ofisini.

"Padre, kuna maneno mtaani kuhusu Jumamosi. Ni kweli?"

 Paroko angetaka sana kusema: nilisinzia, niliona aibu, sijalala vizuri tangu siku hiyo.

"Katekista, mimi huwa nasema nini kuhusu mambo ya mle ndani?"

"Huwa husemi kitu, Padre."

"Basi ndivyo hivyo."

Katekista alitoka akiwa na uhakika kwamba yamethibitishwa.

*

Jumamosi iliyofuata paroko alipofungua mlango wa pembeni aliona mabenchi mawili yamejaa, na wengine wameegemea nguzo. Aliwahesabu kwa macho: thelathini na wanne.

"Nani amefariki?" aliuliza.

"Hakuna, Padre," alijibu kinyozi kutoka mwanzo wa benchi, safari hii miguu yote miwili ikiwa ndani. "Tumekuja kuungama."

Kinyozi alikuwa hajaungama kwa miaka kumi na tisa. Si siri, alikuwa akiwaambia wateja kama mtu anavyotaja kipara chake, ili wasitangulie wao.

Paroko aliingia kibandani, akavaa stola, ule utepe wa kipadre wa shingoni, akaogopa. Alijua kwamba akisinzia kidogo tu mkono wa kulia utainuka wenyewe na midomo itaufuata. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo hakuna kitabu cha seminari kinacholifundisha: aliuweka mkono wa kulia chini ya paja, akaukalia. Na kwa kuwa aliona hata masikio yake hayaaminiki, alijiwekea kanuni moja. Mtu akinyamaza, yeye asijibu. Aulize kwanza: "Umemaliza?" Kisha asubiri.

Kinyozi alikaa ndani dakika ishirini na tano. Huko nje watu waliangaliana. Mmoja alisema hilo dirisha la haraka lina mlango wa nyuma nini. Alipotoka alikuwa amekunja uso, akapita katikati ya kanisa bila kumtania mtu. Jumatatu tu ndipo alipopata ulimi, wembe ukiwa mkononi.

"Nilienda na vitatu vyangu vidogo. Nikavisema, nikanyamaza. Jamaa akaniuliza, 'Umemaliza?' Nikamwambia ndiyo. Kimya. Mzee, kile kimya! Nikaona niongeze kimoja. Akauliza tena, 'Umemaliza?' Taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Mara ya tatu ndiyo nikakumbuka la ndugu yangu."

"La ndugu yako lipi?"

"Kaa vizuri nisikukate sikio."

Jumamosi ileile, upande wa pili wa wavu, ilipofika saa kumi na mbili na nusu na benchi kubaki tupu, paroko alijaribu kusimama akashindwa. Mkono ulikuwa umekufa ganzi mpaka begani. Alilazimika kuuinua kwa mkono mwenzake kama mzigo wa mtu mwingine. Alikuwa amechoka kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Lakini akiwa anausugua mkono, aligundua kwamba anakumbuka kila mtu. Walikuwa wamesema mambo thelathini na manne tofauti. Kwa miaka kadhaa alikuwa amesadiki kwamba watu wote husema jambo moja.

Hakulifurahia hilo. Alikwenda kulala bila kula, na barua ikabaki ndani ya droo, tarehe yake ikiwa sawa.

*

Jumatano dekano alifika, padre mnene mwenye simu mbili, msimamizi wa parokia saba. Alikaa kwenye benchi la wageni, likalia.

"Ndugu yangu, nimepata habari. Wanasema unawaondolea watu kabla hawajasema."

"Sina la kusema, Baba Dekano."

"Huna la kusema, au huwezi kusema?"

Paroko alipanga upya mihuri mezani. Dekano alijifuta shingo kwa kitambaa.

"Muhuri wa kitubio, eh?"

Paroko akaendelea kuipanga.

"Si ungekosea kwenye ubatizo, ningekusaidia. Umekwenda kukosea mahali ambapo hata kujitetea ni dhambi." Alipumua. "Jumamosi saa nane gari litakupitia. Kundi hili likikupita hakuna jingine, na ofisi inataka dekania yetu iwe imekamilika. Fomu unayo?"

"Ninayo."

"Basi nenda kapumzike. Unafanana na nguo iliyosahaulika kwenye kamba tangu masika."

Jumamosi paroko alifungasha begi dogo: shuka, viatu vya ndani, fomu. Barua aliitia kwenye bahasha, bahasha akaiweka ndani ya kitabu cha sala. Katekista alikuwa ametangaza kwamba hakutakuwa na maungamo. Saa nane kasoro robo paroko alipita kanisani kufunga madirisha, akakuta watu ishirini na mmoja. Wale waliotaka njia ya mkato walikuwa wameacha kuja. Sura nyingi zilikuwa mpya.

"Jamani, si mlitangaziwa?"

"Tulitangaziwa," alisema Mama Pasi, wa kwanza kwenye benchi, khanga yake ikinuka mkaa. "Ndiyo maana tumewahi."

"Mama, gari linakuja. Nitarudi baada ya siku nane."

Alipotamka hayo alihisi ukingo wa bahasha chini ya kidole gumba. Mama Pasi hakubisha. Alimtazama machoni, kwanza la kushoto kisha la kulia, kama anavyoitazama nguo kabla ya kuamua ni ya pasi au ya kuloweka.

"Wiki mbili zimepita tangu nilipokuahidi kitu," alisema. "Naona leo umeamka. Lakini kama gari ni la maana, mwanangu, nenda. Mimi ninazo tu, haziozi."

Nje honi ililia mara moja, kwa heshima.

Paroko aliweka begi chini.

"Mmoja tu," alisema.

Aliingia kibandani. Mama Pasi akapiga magoti, ubao ukayumba, akajishika ukutani. Paroko akatoka tena. Aliinama akaukagua ule mguu mfupi, akapapasa mifuko, akafungua kitabu cha sala. Kurasa mbili ndani ya bahasha, zikikunjwa mara nne, zina unene uleule uliopungua. Aliuinua ubao, akaisukumiza bahasha chini ya mguu.

"Hiyo si barua ya watu, Padre?"

"Ilikuwa."

"Sasa mwenyewe atasomaje?"

"Jaribu, mama. Unayumba?"

Mama Pasi aliulemea ubao upande huu na upande ule.

"Hauyumbi."

Paroko alirudi ndani, akavaa stola, akaukalia mkono.

Dereva alipiga honi mara ya pili, mara ya tatu, kisha akaingia kanisani na kofia mkononi. Mama Pasi alikuwa bado mle ndani. Alipotoka, ilikuwa imepita zaidi ya nusu saa. Wanawake wa maua walimsogelea wakiwa tayari kusikia. Akawapita, akaenda sakristia, na baada ya muda ilisikika pasi ikikanyaga meza. Aliyasimulia ya mara ya kwanza kwa nusu ya mji. Ya mara hii hakumsimulia mtu, hadi leo.

Dereva aliusogelea mlango wa kibanda.

"Padre, wenzako watatu wako garini wanaiva. Nimwambie nini dekano?"

"Mwambie kuna watu."

"Watu wapo kila mahali, Padre."

"Ndiyo," sauti ilisema kutoka ndani. "Mwambie hivyo pia."

Gari likaondoka. Waliobaki ishirini waliingia mmoja mmoja, na kila mmoja aliulizwa kama amemaliza. Paroko alitoka jua likiwa linaelekea kuzama, akiwa na shingo iliyokakamaa na mkono usiohisi kitu. Alikuta begi lake mahali alipoliacha, mtu ameliwekea gazeti chini lisichafuke. Alikaa kwenye benchi, lililokuwa bado na joto la watu, akafungua kitabu cha sala kusoma zaburi ya jioni. Aliisoma polepole mpaka mstari wa sita, akasinzia. Mama Pasi, aliyekuwa anafunga milango, alimwacha hivyo hivyo, akaacha na taa moja ikiwaka.

Mwisho wa mwezi wa tisa ofisi ya jimbo ilipeleka tangazo, kurasa mbili, mihuri miwili. Lilimshukuru Mungu kwamba zoezi limefanikiwa, na kwamba mapadre wote wa dekania wamepyaishwa isipokuwa mmoja, ambaye hakuhudhuria wala hakurudisha fomu, naye atapangiwa mwaka ujao. Katekista alilisoma lote baada ya misa, kwa sauti ileile, bila kuruka hata nukta. Kisha alikwenda kulibandika kwenye ubao wa matangazo. Hakupata nafasi. Ubao ulikuwa umejaa ratiba mpya ya maungamo, iliyokuwa imeongezwa Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo alilikunja akaliweka mfukoni.